Mpungate wa Laikipia: Nani Anafaidi, Nani Anaumia

Mbuzi aliyekula tunda la mpungate hajulikani siku hiyo hiyo. Anarudi bomani ameshiba, midomo imepakwa rangi ya zambarau, na mchungaji anashukuru kwamba kiangazi hiki angalau kimebakiza kitu cha kutafuna. Baada ya siku kadhaa mate yanaanza kumchuruzika. Anasogelea maji, ananusa, anaondoka. Ukimshika taya na kumfunua kinywa, unakuta ufizi na ulimi vimejaa vimiiba vyembamba kuliko unywele, kila kimoja na ndoano nchani. Kuving'oa kwa vidole haiwezekani, maana vinakatikia ndani. Vingine vimekwisha kuteremka tumboni na kufanya vidonda. Vingine huingia machoni na kumpofusha. Mnyama huyu hakulishwa sumu yoyote. Anakufa kwa njaa, majani yakiwa mbele yake.

Wafugaji wa Laikipia Kaskazini, kuanzia Doldol hadi Il Polei, Makurian na Il Ng'wesi, wameiishi hali hii kwa miaka mingi. Watafiti waliowahoji walichapisha matokeo yao mwaka 2017: karibu nusu ya kaya zilikadiria kwamba mpungate huu, ambao jina lake la kisayansi ni Opuntia stricta, unawagharimu dola 500 hadi 1,000 za Marekani kila mwaka. Kwa familia ambayo mali yake yote ina miguu minne, fedha hizo ni karo ya shule, dawa, na mahari ya kijana.

Lakini ndugu wa mpungate huo huo amechorwa katikati ya bendera ya Meksiko, tai akiwa ametua juu yake. Katika milima mikavu ya Tigray na Eritrea ndugu huyo huitwa beles, na watoto humngoja kwa hamu kama wa pwani wanavyongoja msimu wa maembe. Huko Brazil wafugaji humpanda kwa makusudi ili ng'ombe wapite kiangazi. Inakuwaje jamii moja ya mmea iwe chakula huku na maafa kule? Na Kenya ifanye nini: iupige vita mpungate, iule, au iishi nao? Nionavyo mimi, jibu halipatikani kwa kuutazama mmea peke yake. Linapatikana kwa kuitazama ardhi uliyoikuta, na kwa kuuliza aliyeamua uletwe au uondolewe alikuwa nani, na kama wanaoishi nao walishauriwa.

Tuanze na mmea wenyewe. Jamii nzima ya dungusi ni ya bara la Amerika, isipokuwa mmoja, Rhipsalis baccifera, unaoning'inia juu ya miti kwenye misitu yenye unyevu ya Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Ile mimea mikubwa yenye miiba inayosimama kwenye Bonde la Ufa, ambayo wageni huipiga picha wakiidhania dungusi, ni ya ukoo wa mnyaa. Ikikatwa hutoa utomvu mweupe. Mpungate ukikatwa hutoa ute wa kunata kama wa bamia. Yale mabamba mapana tunayoyaita majani kwa kweli ni shina. Majani halisi ni vidole vidogo laini vinavyochipuka kwenye bamba changa na kuanguka upesi, na miiba ndiyo inayobaki.

Siri ya mmea huu ni namna unavyopumua. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya hewa mchana, na hapo ndipo maji yanapopotea. Mpungate hufungua usiku kukiwa na baridi, ukavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba ndani ya mabamba ikiwa asidi. Kukipambazuka unajifunga, kisha unaitumia akiba hiyo pamoja na mwanga wa jua kujitengenezea sukari. Mizizi yake haiendi chini sana. Imetandaa karibu na uso wa udongo, hivyo hata mvua ya rasharasha inayokauka kabla ya mchana inaupatia kitu. Bamba likianguka chini linatoa mizizi na kuwa mmea mpya, hata kama limekaa juani kwa wiki nyingi.

Maumbile hayo yanafaa kabisa katika nchi ya juu, kavu na yenye mawe. Mpungate unaolimwa zaidi duniani, Opuntia ficus-indica, ulitokana na kuchaguliwa na wakulima wa nyanda za juu za Meksiko ya kati kwa muda mrefu sana. Ndugu yake Opuntia engelmannii, kichaka kipana chenye mabamba makubwa, hukua kwenye miteremko na majangwa ya kaskazini mwa Meksiko na kusini magharibi mwa Marekani. Nao umekwisha kuingia Laikipia na unaenea. Opuntia stricta wenyewe ni wa pwani, kwenye Ghuba ya Meksiko na Karibi. Kwamba mmea wa pwani umeshika uwanda wa Laikipia, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni jambo la kutufikirisha. Huko kwao una viwavi wanaotoboa mabamba na vidugamba wanaonyonya maji yake. Hapa Kenya ulifika peke yake, maadui wote wamebaki nyuma.

Ulifika Doldol enzi za ukoloni, ukapandwa kama ua kuzunguka makazi. Kwa miongo kadhaa ulitulia pale pale, na wazee wengi waliukuta wakiwa watoto bila kuona ubaya wake. Swali la kuuliza basi ni nini kilichouamsha.

Hapa lazima tuiseme historia ya ardhi, maana wengi wanaoandika juu ya mimea vamizi huiruka. Laikipia ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaachia kama hifadhi yao ya kaskazini. Mkataba wa mwaka 1911 ukaifuta ahadi hiyo, na kufikia mwaka 1913 wengi walikuwa wamehamishwa kupelekwa kusini ili walowezi wapate mashamba. Waliobaki upande wa Mukogodo, huko Laikipia Kaskazini, walibanwa kwenye sehemu kavu zaidi, yenye miamba, kwenye kivuli cha mvua cha Mlima Kenya. Baada ya uhuru ardhi hiyo iligawanywa kuwa ranchi za kikundi. Shule zikajengwa, maduka yakafunguliwa, visima vikachimbwa, na watu wakaanza kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Hakuna wa kulaumiwa kwa kutaka mwanawe asome. Ila nyasi zilizokuwa zikipumzika mifugo inapohama hazikupumzika tena. Zile za kudumu, zenye mizizi inayoshika udongo, zilikwisha, na ardhi ikabaki tupu.

Mbegu ya mpungate ikiangukia penye nyasi nene hukosa nafasi. Ikiangukia penye udongo mtupu, pembeni ya mgunga uliobaki, haina mshindani. Shirley Strum, mtafiti aliyefuatilia maisha ya nyani Kenya kwa miongo mingi, aliandika mwaka 2015 pamoja na wenzake kwamba uvamizi wa Laikipia uliwezeshwa na mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa kuhusu mmea huu. Linaondoa lawama kwenye mmea na kuirudisha kwetu, tena si kwa mfugaji peke yake, bali kwa karne nzima ya maamuzi yaliyompunguzia nafasi ya kuhama.

Nyani nao wana sehemu yao. Mwaka 1984 Strum alihamisha makundi ya nyani kutoka Gilgil, walikokuwa wakigombana na wakulima, akawapeleka Laikipia. Huko nyani hatimaye waligundua tunda la mpungate, na likawa chakula chao kikubwa. Tembo nao hulipenda, pamoja na mabamba. Humeza kila kitu na kutembea kilomita nyingi kabla ya kuzitoa mbegu, zikiwa zimezungukwa na mbolea. Ndege husaidia, na mbuzi yule yule anayeumia pia husaidia. Kwa hiyo kukata mpungate kwenye shamba lako mwenyewe hakukulindi ikiwa jirani hajakata. Tatizo hili haliheshimu mipaka ya ranchi, hifadhi wala kaunti.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni panga na jembe. Nayo ina mahali pake: kuzunguka boma, kando ya kisima, kwenye njia ya mifugo. Lakini kila kipande kinachoachwa chini kinaota, kwa hiyo kilichokatwa lazima kikusanywe, kifukiwe shimoni au kikaushwe na kuchomwa, na wanaofanya kazi hiyo wanarudi nyumbani na miiba mikononi. Mbegu zilizomo udongoni hubaki hai kwa miaka mingi. Kwa vichaka vilivyotanda hadi upeo wa macho, kazi hii haiishi na haina wa kuilipa.

Njia ya pili inapendwa na wafadhili na waandishi wa habari: tuugeuze kuwa mali. Vikundi vya akina mama Laikipia vimetengeneza jemu na juisi kutokana na matunda, na biogesi kutokana na mabamba. Ninawaheshimu kwa dhati, kwa sababu wamechukua kilichowaumiza wakakitia thamani. Hata hivyo tusichanganye kipato na udhibiti. Kikundi kinachouza jemu kinahitaji matunda mwaka huu na mwaka ujao. Biashara ikistawi, inampa mtu sababu nzuri ya kuuacha mmea usimame, na ikidorora haijapunguza hata ekari moja. Vivyo hivyo kwa lishe. Ni kweli mabamba yakibabuliwa miiba kwa moto ng'ombe huyala, na yana maji mengi ya kumpitisha mnyama kwenye ukame, lakini protini yake ni ndogo, na kazi ya kubabua ni ya kila siku. Brazil inayotolewa mfano hupanda aina zisizo na miiba, kwa mistari, kwenye mashamba ya watu wanaozitaka. Opuntia stricta ya Laikipia haikuchaguliwa na mfugaji yeyote.

Inabaki njia ya tatu: kumleta adui aliyeachwa nyuma. Hapa ndipo uchambuzi unapohitaji muda, maana historia yake ina ushindi mkubwa na msiba mkubwa.

Ushindi ulikuwa Australia. Mipungate ya kwanza ilifika huko mwaka 1788 na meli za Arthur Phillip, kutoka Brazil, kwa ajili ya kidugamba wa kochinili aliyetoa rangi nyekundu ya makoti ya askari wa Uingereza. Opuntia stricta ilifuata katika karne ya 19 kama ua na pambo. Kufikia miaka ya 1920 mipungate ilikuwa imefunika kama hekta milioni 24 za Queensland na New South Wales, na familia zilihama mashamba yao. Walijaribu kuipulizia mchanganyiko wa asidi ya salfa na aseniki, uliokuwa hatari kwa watu pia. Mwaka 1925 wakaleta kutoka Argentina mayai ya nondo aitwaye Cactoblastis cactorum, ambaye viwavi wake huingia ndani ya bamba na kulila mpaka likaoza. Katika miaka isiyofika kumi mipungate mingi ilikuwa imeanguka. Karibu na Chinchilla, mahali panapoitwa Boonarga, wakulima walijenga ukumbi wa mikutano wa kumkumbuka mdudu huyo, ukafunguliwa mwaka 1936.

Msiba ulikuwa Madagaska. Huko kusini kwenye ukame, katika nchi ya Waantandroy, mpungate wa aina nyingine, Opuntia monacantha, uliletwa Fort-Dauphin na Wafaransa katika karne ya 18. Baada ya vizazi kadhaa ulikuwa umeingia katika kila kitu. Watu waliuita raketa, wakala matunda yake, wakawanywesha ng'ombe maji ya mabamba wakati mito imekauka, na wakazungushia vijiji vyao kuta za miiba ambazo jeshi la Wafaransa lilishindwa kuzipenya kwa urahisi. Mwaka 1924 wakoloni walimwachilia kidugamba wa kochinili. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 raketa ilikuwa imekwisha. Kisha ukame ukaja, ng'ombe wakafa kwa wingi, na njaa ya mwaka 1930 na 1931 ikaua watu na kuwatawanya wengine kwenda kutafuta vibarua mbali na kwao. Watafiti bado wanabishana kama serikali ilitaka hasa kuwavunja nguvu wafugaji au ilidhani inawasaidia. Lisilobishaniwa ni kwamba Mwantandroy hakuulizwa.

Tigray inatuonyesha kitu kingine tena, na ni habari za juzi tu. Beles ilifika kwenye milima ile katikati ya karne ya 19, na inasimuliwa kwamba wamisionari Wakatoliki ndio walioileta. Matunda yake huiva miezi ya mvua, wakati ghala la mwaka jana limeisha na mavuno mapya hayajakomaa. Katika miezi hiyo ni chakula hasa, na zulia la kijani juu ya miamba ambako hakuna zao jingine linaloshika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kidugamba wa kochinili, Dactylopius coccus, alipelekwa huko ili wakulima wauze rangi nyekundu nchi za nje, kama Peru inavyofanya. Biashara haikushika kama ilivyoahidiwa, mdudu akaachwa bila wa kumvuna, akasambaa na kuangamiza beles kusini mwa Tigray. Mradi ulioitwa wa maendeleo ukawanyang'anya watu chakula chao cha miezi ya njaa.

Kwa hiyo mdudu si mwema wala mbaya kwa asili yake. Kinachoamua ni kama watu wa mahali pale wanauhitaji mmea, na kama mdudu mwenyewe ni yule hasa anayefaa. Hilo la pili ni la kitaalamu zaidi lakini haliepukiki. Kochinili wa aina ya Dactylopius opuntiae ana nasaba tofauti: moja hustawi kwenye Opuntia stricta, nyingine kwenye ficus-indica, na ukizikosea hazifanyi kazi. Afrika Kusini walijifunza hivyo katika Hifadhi ya Kruger, ambako mpungate ulipandwa kama pambo Skukuza mwaka 1953 ukaja kufunika makumi ya maelfu ya hekta. Nondo peke yake hakutosha. Kidugamba wa nasaba isiyofaa hakutosha pia. Alipoletwa wa nasaba sahihi kutoka Australia mwishoni mwa miaka ya 1990, vichaka vilianza kuporomoka.

Nasaba hiyo ndiyo iliyoletwa Laikipia na kuachiliwa mwaka 2014, kupitia shirika la CABI pamoja na taasisi za utafiti na ukaguzi wa mimea za Kenya. Ukipita sehemu alikoshika utaona mabamba yana mabaka meupe ya nta, yanayofanana na pamba iliyobandikwa. Ndani ya kila baka kuna jike asiye na mabawa wala haja ya kutembea. Amechoma mrija wake ndani ya bamba na hapo ndipo atakapokufa. Mfinye kwa kidole gumba, kidole kinageuka chekundu, rangi ile ile iliyowatajirisha wafanyabiashara wa Oaxaca na kuifanya kochinili kuwa bidhaa ya pili kwa thamani, baada ya fedha, iliyotoka Meksiko ya Wahispania. Watoto wake wadogo hupeperushwa na upepo hadi mmea wa jirani. Bamba hugeuka manjano, hulegea, huanguka, na matunda hukoma kwanza. Kwa mbuzi hilo la matunda ndilo kubwa kuliko yote.

Kwa Laikipia mimi nasimama upande wa mdudu. Opuntia stricta pale haijawa raketa ya Madagaska wala beles ya Tigray. Hakuna kaya inayoitegemea kuvuka miezi ya njaa, na walioulizwa, yaani wafugaji wenyewe, wameomba iondoke. Vibanda vya kuzalishia kochinili vimejengwa ndani ya jamii, na akina mama na vijana ndio wanaobeba mabamba yenye mdudu kuyapeleka kwenye vichaka vipya. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na Madagaska ya mwaka 1924. Vikundi vinavyouza jemu viambiwe waziwazi kwamba malighafi yao itapungua, na visaidiwe kuhamia kwenye kazi nyingine, badala ya kuachwa vigundue vyenyewe.

Lakini nina masharti mawili. Mabamba yenye kidugamba yasivuke mpaka kwa mkono wa yeyote bila ukaguzi, hasa kuelekea kaskazini, upande wa Tigray, ambako kosa la nasaba laweza kugusa chakula cha watu ambao wamekwisha kupoteza vya kutosha. Na mpungate ukianguka, kitakachokuja mahali pake kiamuliwe mapema. Ardhi ikibaki tupu, atakuja mvamizi mwingine. Opuntia engelmannii tayari ipo, na mdudu wa stricta haimalizi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imezipa ranchi za kikundi nafasi ya kujisajili upya na kupanga malisho kwa pamoja; kupanda nyasi za kudumu na kuzifungia kwa misimu kadhaa ni sehemu ya kupambana na mpungate sawa na kibanda cha kochinili.

Kuna jambo moja la kazi ambalo bajeti nyingi husahau. Mvua kubwa huwaosha vidugamba kutoka kwenye mabamba, na mpungate hupata nafuu ukachipua kabla hawajaongezeka tena. Mbegu zilizolala udongoni nazo huota kila msimu. Kwa hiyo vile vibanda haviwezi kufungwa mwaka mradi unapoisha na vichaka vikubwa vimelala chini. Itabidi kila baada ya mvua za masika mtu fulani wa Il Polei au Makurian achukue mabamba yenye mdudu, azunguke malisho, na kuyaegemeza kwenye vichipukizi vipya. Mshahara wa mtu huyo uandikwe kwenye bajeti ya Kaunti ya Laikipia, pamoja na chanjo ya mifugo na ukarabati wa visima.